Kupima Aina za Alfalfa na Kutunza Mbegu Zake: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Alfalfa, au lusini kama wafugaji wengi wanavyoiita, ni malisho yanayolipa. Ina protini nyingi, hukatwa mara kadhaa kwa mwaka, na shamba likitunzwa vizuri hudumu kwa miaka. Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kwenda mbali zaidi ya kuipanda: mtafiti wa kituo cha mifugo, mwanafunzi wa kilimo, mzalishaji wa mbegu, au ushirika wa wafugaji uliochoka kuagiza mbegu kutoka nje bila kujua kama inafaa.

Ukitoka kwenye maharage au mpunga, kuna jambo moja la kulizoea mapema. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukipanda mbegu ya aina fulani unavuna mimea ile ile. Alfalfa huchavushwa na nyuki kutoka mmea hadi mmea, tena kila seli yake ina seti 4 za kromosomu, jumla 32, badala ya seti 2 tulizozoea. Ndani ya mfuko mmoja wa mbegu hutapata mimea miwili iliyo sawasawa. Aina ya alfalfa ni jamii ya mimea yenye wastani wake: wastani wa urefu, wa kustahimili ugonjwa, wa wingi wa majani. Wastani huo unaweza kuhama kizazi baada ya kizazi bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Kwa sababu hiyo nimeweka pamoja mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa mbali mbali, yaani upimaji wa aina na utunzaji wa mbegu. Jaribio lina maana ikiwa umepanda aina linganishi, yaani aina inayojulikana tayari ya kupimia nyingine, kando ya aina yako, na aina linganishi ina maana ikiwa mbegu yake ni ile ile waliyoitumia wenzako. Mbegu ikihama, kipimo chako nacho kimehama.

Hatua ya 1: Tafuta aina linganishi kwanza

Waliokwenda mbali katika kuweka vipimo vya pamoja ni Wamarekani na Wakanada, kupitia mkutano wao wa uboreshaji wa alfalfa, North American Alfalfa Improvement Conference (NAAIC). Wameandika taratibu za kupima sifa moja moja: magonjwa, wadudu, minyoo, ustahimilivu wa baridi, ustahimilivu wa chumvi na nyinginezo. Kila utaratibu unataja umri wa miche, joto la chumba, idadi ya mimea, namna ya kutoa alama, na jambo linalobeba mengine yote: majina ya aina zinazopaswa kuwemo katika jaribio, moja inayojulikana kuwa sugu na moja inayojulikana kuwa dhaifu.

Chukua mfano wa kulala kwa mmea majira ya vuli. Nchi zenye baridi kali, siku zinapofupika alfalfa hupunguza kukua ili ivuke majira ya baridi salama. Sifa hiyo hupewa namba kuanzia 1, mmea unaolala mapema sana, hadi 11, mmea usiolala kabisa. Hukatwa mwanzoni mwa vuli, kisha baada ya wiki chache hupimwa urefu wa machipukizi. Lakini urefu peke yake hausemi kitu, maana vuli ya mwaka huu si ya mwaka jana. Zimewekwa aina za kulinganishia kwenye ngazi hiyo: Vernal iko kwenye 2, Legend 4, Archer 5, Dona Ana 7, CUF 101 kwenye 9. Aina yako hupata namba kulingana na mahali urefu wake unapoangukia kati ya hizo, zikiwa zimepandwa shamba moja na kukatwa siku moja.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuwezi kukirudia kipimo hiki kwa uhakika, kwa sababu urefu wa siku haubadiliki vya kutosha. Usijaribu kubuni namba yako. Chukua namba iliyopimwa na mzalishaji kule kwenye vuli halisi, uitumie kuchagua: kwa nyanda zetu, aina zisizolala, kuanzia 8 kwenda juu, ndizo hukua mwaka mzima. Kupanda aina ya namba 3 Njombe au Nyandarua ni kujitakia malisho mafupi miezi ya baridi.

Aina linganishi za kituo chako ziwe angalau mbili: moja yenye jina la kimataifa ambayo takwimu zake zipo wazi, na nyingine ile ambayo wakulima wa eneo lako wanaipanda sasa. Ukikosa ya pili, hata matokeo mazuri kiasi gani hayatamwambia mfugaji kama abadilishe mbegu au abaki na aliyonayo.

Hatua ya 2: Pima mbegu kabla ya kuipeleka shambani

Watu wengi huruka hatua hii, wakapima mavuno ya ploti kumbe wamepima tofauti ya uotaji. Mbegu ya alfalfa ni ndogo: gramu 1 ina mbegu karibu 500. Mifuko miwili yenye uzito sawa inaweza kuwa na tofauti kubwa ya mbegu zilizo hai.

Anza na usafi. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu, ISTA, sampuli inayopelekwa maabara ni gramu 50, na inayochambuliwa kwa usafi ni gramu 5. Imwage kwenye meza nyeupe yenye mwanga, utenge marundo matatu: mbegu safi ya alfalfa, mbegu za mimea mingine, na takataka kama mawe, vumbi na vipande vya maganda. Mbegu ya alfalfa yenye afya ina umbo la figo, ya manjano inayoelekea kijani. Ya kahawia iliyoiva huenda ni kuukuu au ilinyeshewa. Tafuta kwa makini mbegu ya mlangamia, ile mimea ya nyuzi za manjano inayonyonya wenzake. Ni ndogo kuliko alfalfa, ya mviringo usio kamili, ya kijivu au kahawia, na ngozi yake inakwaruza kama udongo uliokauka. Ukiona hata moja, simamisha kazi na mzigo huo. Nitaurudia mlangamia mbele.

Kisha uotaji. Hesabu mbegu 400 kutoka rundo la mbegu safi, bila kuchagua nzuri nzuri, uzigawe katika makundi 4 ya mbegu 100. Zipange juu ya karatasi ya kuoteshea iliyoloweshwa, isiyotiririka maji, mbegu zisigusane. Joto liwe nyuzi 20 za Selsiasi. Hesabu ya kwanza hufanywa siku ya 4, ya mwisho siku ya 10. Kituo kisicho na kabati la joto kitafute chumba chenye baridi, kipimajoto kiwe kando ya sahani, na joto liandikwe asubuhi na jioni. Alfalfa hukasirishwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya tunavyodhani.

Siku ya mwisho gawa ulichonacho hivi:

– Miche ya kawaida: mzizi mrefu mzima, shina, na majani mbegu mawili yaliyokamilika.
– Miche yenye kasoro: mzizi uliokatika au uliodumaa, majani mbegu yaliyovunjika. Nyingi zikiwa za namna hii, mbegu iliumizwa wakati wa kupurwa au kukwaruzwa.
– Mbegu ngumu: zimebaki vile vile, hazikuvimba hata kidogo, ukizibonyeza kwa kibanio zinateleza.
– Mbegu zilizokufa: laini, zenye ukungu, zikibonyezwa hutoa uji.

Mbegu ngumu ndizo zinazowachanganya wengi. Ziko hai, ila ganda lake halipitishi maji, na huota wiki au miaka baadaye. Usizihesabu na zilizokufa, wala usizijumlishe kimyakimya na miche ya kawaida. Ziandike peke yake. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinataka mbegu ya alfalfa inayouzwa iwe na uotaji usiopungua asilimia 80, na katika hizo mbegu ngumu zisizidi asilimia 40.

Linganisha makundi manne. Kwa wastani wa asilimia 89 au 90, tofauti kati ya kundi la juu na la chini isizidi 12. Ikizidi, kuna kilichokwenda kombo kwenye maji, ukungu au kuhesabu, na jaribio lirudiwe.

Sasa piga hesabu ya mbegu hai. Tuseme usafi ni asilimia 98, miche ya kawaida 82, mbegu ngumu 10. Mbegu hai ni 0.98 × 0.92, yaani karibu asilimia 90. Ukitaka kilo 20 za mbegu hai kwa hekta kwenye ploti ya mita 5 kwa mita 1.2, ambayo ni mita za mraba 6, unahitaji gramu 12 za mbegu hai. Gawanya kwa 0.90: pima gramu 13.3 za mbegu iliyo mfukoni. Fanya hesabu hii kwa kila aina, na kila aina ipate bahasha zake zilizopimwa mapema. Hapo ndipo ploti zinaanza kwa haki.

Hatua ya 3: Ploti za mavuno

Marudio, yaani mafungu ya ploti ambayo kila moja lina aina zote, yasipungue 4, na ndani ya kila rudio aina zipangwe kwa kura. Chagua ardhi isiyotuama maji, yenye pH ya 6.5 hadi 7. Nyanda nyingi za juu zina udongo mchachu, kwa hiyo weka chokaa miezi kadhaa kabla. Mbegu zote zipakwe bakteria wale wale wa rhizobia wa alfalfa, siku ile ile, kivulini. Ukipaka baadhi na kuacha nyingine, hutapima aina, utapima nani alipata vinundu vya bakteria hao kwenye mizizi. Kina cha kupanda kisizidi sentimita 1 hivi. Zungushia ploti za pembeni zisizopimwa, kwa sababu mmea wa ukingoni hupata mwanga na maji zaidi.

Kata ploti zote siku moja. Kule ambako alfalfa huchanua kwa mpangilio, kipimo ni pale asilimia 10 ya mashina ya aina linganishi yameanza kutoa maua. Miezi ya baridi huku kwetu maua huweza kuchelewa sana, basi inama uangalie kitakoni: machipukizi mapya yakianza kupanda kutoka kitako cha mmea, wakati umefika. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 8.

Pima uzito mbichi hapo hapo shambani. Chukua sampuli ya gramu 500 kutoka kila ploti, iweke kwenye mfuko wa karatasi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi uzito uache kushuka. Mfano: ploti ya mita za mraba 6 imetoa kilo 9.6 mbichi, na sampuli ya gramu 500 imebaki gramu 110. Ukavu ni asilimia 22, hivyo ploti imetoa kilo 2.11 za malisho makavu, sawa na tani 3.5 kwa hekta kwa mkato huo. Anayelinganisha uzito mbichi analinganisha maji.

Mwaka wa kwanza usikudanganye. Aina inayokimbia mwanzoni huweza kufa upesi ikikatwa mara kwa mara, na thamani ya alfalfa iko katika kudumu kwake. Kila mwisho wa msimu kadiria asilimia ya mistari iliyobaki na mimea hai. Toa uamuzi baada ya miaka 3 ya mikato, na matokeo yaandikwe kama asilimia ya wastani wa aina linganishi zilizokuwa shambani humo humo. Tani za shamba moja na tani za shamba jingine haziwekwi kwenye jedwali moja. Kwa protini na nyuzi, peleka sampuli zote za mkato mmoja kwenye maabara moja.

Hatua ya 4: Magonjwa na wadudu

Kwenye vipimo vya NAAIC, aina haiitwi sugu kwa sababu imeonekana na majani mazuri. Huhesabiwa mimea sugu ndani ya jamii yake. Asilimia 0 hadi 5 ya mimea ikiwa sugu, aina ni dhaifu. Asilimia 6 hadi 14, usugu ni mdogo. Asilimia 15 hadi 30, wa wastani. Asilimia 31 hadi 50, ni sugu. Ikizidi 50, ni sugu sana. Mtu wa mahindi hushangaa kwamba nusu ya mimea ikifa aina bado inapewa heshima hiyo. Lakini mimea dhaifu ikitoka, ile sugu hutanuka na kujaza nafasi, na ugonjwa hukosa daraja la kupita.

Tazama kipimo cha chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu Colletotrichum trifolii. Miche ya umri wa takriban wiki mbili hunyunyiziwa maji yenye mbegu za kuvu, hufungiwa kwenye unyevu mzito kwa siku 2, kisha hurudishwa kwenye meza ya kitalu na kusomwa baada ya wiki moja au zaidi. Miche dhaifu hupata vidonda virefu kwenye shina, hupinda kama fimbo ya mzee na kufa. Aina iitwayo Saranac hutumika kama dhaifu, Arc kama sugu. Miaka kadhaa baada ya Arc kutoka, lilipatikana kabila la pili la kuvu hiyo lililoishinda Arc, ilhali Saranac AR ilisimama mbele ya makabila yote mawili. Zikiwa kwenye trei moja, Saranac, Arc na Saranac AR zinakwambia umepima dhidi ya kabila gani. Zikikosekana, neno "sugu" kwenye ripoti yako halijulikani ni sugu kwa nini.

Hesabu husahihishwa kwa kutumia aina sugu. Tuseme kawaida yake ni asilimia 60 ya miche kupona, lakini kwenye jaribio lako imepona 48 tu, na aina yako imepona 32. Chukua 32 × 60 ÷ 48, upate 40. Jaribio lilikuwa kali kuliko kawaida, na aina yako haistahili kuadhibiwa kwa hilo. Ikiwa aina dhaifu nayo imepona kwa wingi, hakuna hesabu itakayokusaidia: ugonjwa haukushika, rudia.

Tahadhari ya lazima: usiagize kuvu, bakteria au minyoo kutoka nje kwa ajili ya kipimo. Fanyia kazi vimelea vilivyopo nchini, kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Aina ikihitaji alama ya ugonjwa usiokuwepo kwetu, ipeleke mbegu kule ugonjwa uliko.

Kuhusu wadudu, vidukari ndio wa kuwaogopa. Mwaka 1977 kidukari wa madoa wa alfalfa aliingia Australia, akaikuta nchi imetegemea zaidi aina moja, Hunter River, isiyo na kinga. Mashamba yaliteketea, na aina sugu zililetwa kutoka Marekani kwa haraka. Nchi zetu zinazotegemea aina mbili tatu za kuagiza ziko kwenye hatari ile ile.

Hatua ya 5: Zalisha mbegu upya bila kuihamisha aina

Aina nyingi za alfalfa hutengenezwa kwa kuchanganya mimea wazazi iliyochaguliwa na kuiacha ichavushane. Mbegu inayotoka hapo huzidishwa kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu hadi kufika kwa mkulima. Kila kizazi ni nafasi ya wastani kuhama. Marekani walilijua hili kwa gharama: mbegu za aina za kaskazini zilikuwa zikizalishwa California, kwenye jua na maji ya kumwagilia, na baada ya vizazi kadhaa zikarudi kaskazini zikiwa zimepoteza sehemu ya ustahimilivu wa baridi. Mimea isiyolala ilikuwa imetoa mbegu nyingi kuliko wenzake. Baada ya hapo idadi ya vizazi ikawekewa kikomo, na mbegu za msingi zikawa zinarudishwa kwenye chanzo.

Kwetu hatari ina sura nyingine. Alfalfa huhitaji siku ndefu ili ichanue kwa wingi, na siku zetu ni za saa 12. Mimea michache inayochanua bila kujali urefu wa siku ndiyo itakayojaza mfuko wako. Zizalishe mbegu kwenye eneo kavu lenye jua na maji ya kumwagilia, mbali na mvua za wakati wa maua, na ufuate haya:

Kwanza, kwaruza mbegu taratibu kwa msasa laini kabla ya kusia. Ukisia bila kukwaruza, mbegu ngumu hazitaota, na utakuwa umezichuja nje ya aina bila kukusudia.

Pili, usishuke chini ya mimea 100 kwa kila aina; 150 au 200 ni bora. Sia kwenye trei, hamishia shambani kila mche, hata ule mdogo. Mche mdogo leo ni sehemu ya wastani wa aina.

Tatu, tenga. Kwa mbegu za kuzalishia mbegu nyingine, Umoja wa Ulaya unataka mita 200 kutoka alfalfa nyingine kama shamba ni hekta 2 au pungufu, na mita 100 kama ni kubwa zaidi. Kwa mbegu za kuwauzia wakulima ni mita 100 na 50. Kwa mbegu za kuhifadhi, ambazo kosa lake hubaki milele, ningetumia banda la chandarua. Usipande pia mahali palipokuwa na alfalfa hivi karibuni, kwani mbegu ngumu hukaa ardhini miaka na kuota katikati ya mistari yako.

Nne, hakikisha maua yanafyatuka. Hapa kaa na ua moja uliangalie. Ndani ya petali mbili za chini zilizoungana kumefichwa mkono wa chavua uliobanwa kwa nguvu. Mdudu akikanyaga mahali pake, mkono unafyatuka juu na kumpiga kifuani au kichwani, chavua inamwagika, na haurudi tena. Ua lisilofyatuliwa halizai. Nyuki wa asali hachukui muda kujifunza kukwepa kipigo hicho: huingiza ulimi kwa ubavuni, anakunywa, anaondoka, na ua limebaki limefungwa. Ndiyo maana wazalishaji wakubwa wa Marekani na Kanada hufuga nyuki mkata majani, Megachile rotundata. Huku kwetu tuna nyuki wakata majani wa porini. Watundikie mafungu ya matete au mianzi yenye matundu karibu na shamba, na usipulize dawa wakati wa maua.

Kwenye banda dogo unaweza kutumia mkono. Kunja kipande cha kadi ngumu kiwe kama mfereji, kisukume chini ya ua, lifyatuke, chavua ibaki kwenye kadi. Fanya hivyo kwa maua machache ya mmea wa kwanza, kisha nenda wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa mstari, ukibeba chavua ile ile. Usifanye kama wale wanaosugua kishada kati ya vidole na kuendelea: hapo mmea umejichavusha wenyewe, na alfalfa iliyojichavusha hutoa watoto dhaifu.

Tano, vuna kwa usawa. Maganda yaliyojisokota yakishageuka kahawia kwa theluthi mbili, chuma kiasi sawa kutoka kila mmea, tuseme maganda 50, uchanganye hayo kuwa mbegu ya hifadhi. Yanayobaki yakusanye kwenye mfuko mwingine kwa matumizi ya kawaida. Hatua hii ndogo huzuia mimea mitano yenye maua mengi kuwa wazazi wa nusu ya kizazi kijacho.

Jizuie kung'oa. Ondoa mmea wenye maua ya manjano kwenye aina ya maua ya zambarau, au uliokuja na virusi vinavyoonekana wazi. Ukianza kung'oa mifupi, iliyoinama au yenye majani membamba, umeanza kutengeneza aina nyingine, na huna haki ya kuiita kwa jina la zamani.

Kama una mimea wazazi yenyewe, itunze pia kwa vipandikizi kwenye nyumba isiyoingiza wadudu. Shina la alfalfa hutoa mizizi kwa urahisi kwenye mchanga wenye unyevu. Ifanyie upya kila inapochoka, kwa sababu virusi hujilimbikiza.

Hatua ya 6: Kupura na kusafisha

Maganda yakaushwe kivulini, yasuguliwe kwa ubao wenye mpira, si kwa fimbo. Pepeta, kisha pitisha kwenye chekeche mbili. Mashine na chekeche zisafishwe kati ya aina na aina kwa brashi na upepo, hadi kwenye pembe. Mbegu moja inayobaki pembeni ni mzazi wa kizazi kijacho.

Mlangamia hautoki kwa chekeche pekee. Viwanda hutumia roli zenye kitambaa cha mahameli, ambapo mbegu yake ya ngozi ya mkwaruzo hunasa na ile laini ya alfalfa huteleza. Dawa ya kweli iko shambani: kagua kabla ya maua, na palipo na nyuzi za manjano, kata na uchome pamoja na alfalfa ya mita kadhaa kuzunguka. Usivune mbegu kutoka eneo hilo.

Hatua ya 7: Kukausha na kuhifadhi

Kanuni inayofaa kukaririwa: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, au joto la ghala kwa nyuzi 5 hivi, umri wa mbegu huongezeka takriban mara mbili. Viwango vya FAO kwa benki za mbegu vinataka mbegu zikaushwe kwenye joto la nyuzi 5 hadi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 10 hadi 25, kisha hifadhi ya muda mrefu iwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kituo kidogo kifanye hivi: mitungi yenye mpira wa kuziba, jeli ya silika inayobadili rangi, uzito wa silika ulingane na wa mbegu, wiki chache, kisha pakiti za karatasi ya alumini zilizozibwa, ndani ya friza ya kawaida. Pakiti ikitoka kwenye friza, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utailowesha mbegu.

Gawa kila mzigo mara tatu. Fungu la kwanza ni hifadhi ya msingi, haliguswi isipokuwa kuzalisha upya. Fungu la pili ni la majaribio na kuwapa wenzako. Fungu la tatu linakaa taasisi nyingine, kwenye jengo jingine na umeme mwingine.

Pima uhai wa fungu la kwanza kila baada ya miaka 10, au mapema zaidi kama friza ilikatikiwa umeme. Hapa kuna mtego: kukauka sana huongeza mbegu ngumu. Mzigo uliokuwa na uotaji wa asilimia 92 unaweza kuonyesha 60 bila hata mbegu moja kufa. Kwaruza kabla ya kupima. Uhai ukishuka chini ya asilimia 85 ya ulivyokuwa mwanzo, rudi hatua ya 5, na uanze na mbegu ya fungu la msingi, usitumie masalia ya ploti za mwaka jana.

Hatua ya 8: Lebo na nyaraka

Lebo mbili kwa kila pakiti, moja ndani na moja nje, kwa penseli au wino usiofutika. Ziandikwe jina la aina, kizazi, mahali na mwaka ilipozalishwa, idadi ya mimea wazazi iliyovunwa, namna ya kutenga, uotaji na mbegu ngumu kwa tarehe. Kizazi ndicho husahaulika zaidi. Bila hicho, mtu wa miaka 15 ijayo hataweza kujua kama CUF 101 aliyonayo ni ile iliyotoka kwenye chanzo au mjukuu wa mjukuu wake.

Unapofika wakati wa kusajili aina mpya, KEPHIS kwa Kenya au TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, watahitaji majaribio yao ya kitaifa pamoja na kipimo cha utofauti, ulinganifu na uthabiti wa aina. Peleka mbegu ya fungu la msingi iliyopimwa, pamoja na takwimu za aina linganishi za kila msimu, ikiwemo misimu ambayo aina yako ilishindwa. Na ubakize mbegu za mzigo ule ule uliopelekwa, zikiwa zimefungwa na kuandikwa tarehe, kwa sababu swali lolote litakaloulizwa baadaye kuhusu aina hiyo litajibiwa kwa kufungua pakiti hiyo.